Askofu mwenye upanga: maswali yenu kuhusu Dorpat

Wiki iliyopita niligusia kwa mstari mmoja Dorpat, mji wa Estonia ambao leo unaitwa Tartu, nikasema ulitawaliwa na maaskofu kwa miaka zaidi ya 300. Maswali yamemiminika.

Askofu anakuwaje mtawala wa nchi? (Msomaji wa Tanga)

Kwa vita kwanza, hati baadaye. Mwaka 1224 wapiganaji wa msalaba kutoka Ujerumani waliteka ngome ya Tartu, wakamuua Vyachko, mkuu aliyetumwa na Warusi kuilinda. Askofu Albert wa Riga, mji ulio Latvia ya leo, akamkabidhi nchi ile ndugu yake, Hermann. Ndugu mwingine, Rothmar, akawa mkuu wa makasisi wa kanisa kuu, familia ilijipanga! Mwaka 1225 Hermann akatambuliwa kuwa mtawala mwenye nchi yake chini ya Dola Takatifu ya Kiroma, dola ya Wajerumani. Ardhi akawagawia mashujaa wa Kijerumani, nao Waestonia wakatoa zaka. Msifikirie bahasha ya Jumapili: zaka ile ilikuwa nafaka ya shambani, na kukataa kulikuwa uasi.

Nembo ya maaskofu hao ilikuwa ufunguo wa Mtakatifu Petro na upanga wa Mtakatifu Paulo, vimepishana. Vipo hadi leo kwenye nembo ya mji wa Tartu.

Ni kweli jeshi la askofu lilizama ziwani? (Msomaji wa Kisumu)

Hapo mmeangalia sinema. Tarehe 5 Aprili 1242, Hermann pamoja na watawa wapiganaji wa Kijerumani walikutana na Alexander Nevsky, mkuu wa mji wa Kirusi wa Novgorod, kwenye Ziwa Peipus, mpakani mwa Estonia na Urusi ya leo, wakashindwa vibaya. Lakini habari ya barafu kupasuka na mashujaa kuzama na deraya zao ilienezwa hasa na filamu ya Kisovieti ya mwaka 1938. Tenzi ya Kijerumani iliyotungwa karne hiyohiyo inasema maiti zilianguka kwenye nyasi. Inataja watawa 20 waliouawa na 6 waliotekwa. Warusi wao wanahesabu Wajerumani 400. Chukua unayemwamini. Mimi kinachonichekesha ni tenzi hiyo kukiri kwamba baadhi ya watu wa Dorpat walitimua mbio kuokoa roho zao.

Askofu haoi. Nani alirithi kiti? (Msomaji wa Bukavu)

Makasisi wa kanisa kuu walichagua, Papa akathibitisha, au Papa akaleta wake. Watawa wapiganaji walio jirani nao walitaka mtu wao. Kila kiti kilipobaki wazi, ugomvi ulikuwa mlangoni.

Utawala wa maaskofu uliishaje? (Msomaji wa Muscat)

Kwa deni. Ivan wa Nne wa Moscow, mtawala wa Urusi, alidai Dorpat ilikuwa na ushuru wa zamani usiolipwa. Mwaka 1554 Walivonia (watu wa Livonia, yaani Estonia na Latvia ya leo, Dorpat ikiwamo) walikubali kwenye karatasi kulipa, wakapewa miaka mitatu. Fedha hazikuonekana. Januari 1558 majeshi yakaingia, Julai mji ukasalimu amri. Askofu wa mwisho, Hermann Wesel, alipelekwa Moscow, akafia huko mwaka 1563.

Ukifika Tartu leo, panda kilima cha Toome. Kuta za matofali mekundu za kanisa kuu la maaskofu zimesimama bila paa, ndege wanapita juu. Sehemu ya altare pekee ndiyo ilifunikwa upya, miaka ya 1804 hadi 1807, ikawa maktaba ya chuo kikuu. Sasa ni makumbusho.