Kwa anayefungua makasha ya Averell Harriman kwa mara ya kwanza

Nyaraka za Averell Harriman, zilizohifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, humvuta kila mtafiti mgeni kwenye majalada yale yale ya Moscow, ambako Harriman alikuwa balozi wa Marekani kuanzia 1943 hadi mapema 1946. Nami nilivutwa hivyo hivyo, nikapoteza siku tatu nikinakili kwa mkono telegramu ambazo nyingi zilikuwa zimekwisha kuchapishwa na serikali. Kwa hiyo, kabla hujaagiza kasha lolote, soma mwongozo wa mkusanyiko mzima, hasa sehemu ya biashara ambayo wengi huiruka.

Humo ndimo utakamomkuta mwana wa tajiri wa reli akitafuta manganizi, madini yasiyokosekana katika viwanda vya chuma, kwa mkataba wa 1925 wa kuchimba huko Chiatura, Georgia. Mwaka 1926 alikwenda mwenyewe kujadiliana na Trotsky, mmoja wa viongozi wa Kisovieti, na mwaka 1928 mradi ukavunjika. Mtu aliyekwisha kuvutana na Wasovieti juu ya mrabaha na malipo ya vibarua hawezi kuzisikiliza ahadi za Stalin kwa masikio ya mgeni, na kwa maoni yangu ripoti zake za 1944 na 1945 hazieleweki vizuri mpaka uwe umezipitia zile hesabu za machimbo, hata kama zinachosha.

Karatasi yenyewe nayo ichunguzwe. Rasimu iliyokatwakatwa kwa penseli si barua iliyotumwa, na kumbukumbu ya mazungumzo ni kauli ya aliyeiandika, tena ya upande mmoja. Agosti 1945 watoto wa Kisovieti walimzawadia Harriman nembo ya Marekani iliyochongwa kwa mbao. Ikatundikwa katika makazi ya balozi, na mwaka 1952 ndipo ikagunduliwa kwamba ndani yake mlikuwa na kifaa cha siri cha kusikilizia mazungumzo. Basi usitarajie jalada likuambie ni nani mwingine aliyekuwa akisikiliza.

Andika namba ya kasha na jina la jalada juu ya kila ukurasa wa maelezo yako siku ile ile. Kisha nenda Hifadhi ya Taifa ya Marekani, College Park, Maryland, ukaitafute nakala iliyopokelewa katika Wizara ya Mambo ya Nje, maana pembezoni mwake huwa kuna mwandiko wa waliomjibu balozi.