Maswali ya Wasomaji: Spika za Sebuleni Barazani

SWALI: Nina spika mbili za sebuleni za ohm 8, kasha la mbao. Nataka kuzifunga barazani chini ya paa, mita 15 kutoka kwenye amplifaya. Tunakaa karibu na bahari. Nikizipaka vanishi zitadumu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Vanishi inasaidia, ila inategemea unaipaka wapi. Kasha lako huenda ni la MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi), na MDF hunywa maji kwenye kingo zilizokatwa na matundu ya skrubu. Ikishavimba, hairudi.

Kwanza kagua mkunjo unaozunguka koni, ile sehemu inayotetemeka kutoa sauti. Wa mpira unavumilia. Wa sponji ukimeguka ukiugusa, spika hizo ziache ndani.

Fungua koni na twita (spika ndogo za sauti nyembamba) uzitoe kwenye kasha, toa na sufi iliyomo ndani, kisha piga kasha msasa namba 120. Mkono wa kwanza uwe vanishi ya mafuta ya nje iliyozimuliwa na tapentaini kidogo ili izame kwenye kingo. Fuatisha mikono miwili isiyozimuliwa, ndani na nje. Subiri harufu iishe kabisa ndipo urudishe vitu. Koni ya karatasi usiipake. Inakuwa nzito na sauti inafubaa.

Kwenye maungio tumia silikoni, lakini si ile inayonuka siki: asidi yake inakula shaba. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na vituo vya waya vipakwe vaselini.

Tundu la besi, lile la hewa kwenye kasha, usilizibe, utaua besi yenyewe. Bandika wavu wa mbu kwa ndani, maana nyigu hupenda sana kujenga humo.

Waya uwe wa shaba, milimita mraba 2.5. Kwenda na kurudi ni mita 30, ukinzani kama ohm 0.2. Ule mwembamba wa 0.75 unafika ohm 0.7, nguvu zaidi inapotelea njiani. Uache waya ushuke chini ya spika kisha upande, ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye vituo.

Besi itapungua, kwa kuwa nje hakuna kuta za kuirudisha. Usiongeze sauti hadi amplifaya ikwaruze. Twita ndizo huungua kwanza. Zisogeze spika kwenye kona ya ukuta, ziinamishe mbele kidogo.

Baada ya masika, sukuma koni taratibu kwa vidole. Ikikwaruza, huenda kutu imeingia kwenye mwanya wa sumaku, na hapo ni kubadilisha tu.