Mtoto wa miaka 9 na kiu isiyoisha

Dadangu wa Likoni uliyeuliza kama umpe mwanao wa miaka 9 dawa ya minyoo, mtoto anayekunywa maji usiku kucha, kakonda na kuanza tena kukojoa kitandani, usimpe dawa hiyo kwanza. Mpeleke leo akapimwe sukari, ni tone la damu kidoleni tu. Ikifika 11.1 mmol/L na dalili hizo, ni kisukari. Wangu tulidhani malaria, tukapoteza wiki nzima. Akitapika, akihema kwa kasi au pumzi ikinuka kama matunda, vukeni feri usiku huohuo hadi Hospitali Kuu ya Pwani.

Jirani asikwambie ni ugonjwa wa wazee. Marekani, kati ya 2001 na 2017, kisukari cha aina ya 1 (mwili ukiacha kutengeneza insulini, homoni ya kushusha sukari) kwa walio chini ya miaka 20 iliongezeka kwa asilimia 45. Wala kilichokileta si mahamri uliyompa. Akiandikiwa insulini, mitishamba isichukue nafasi yake.