Maji ya kisima bondeni: usiishie kupima chumvi

Mkulima wa nyanya kutoka Bahi, Dodoma, ameniandikia. Kipimo chake cha chumvi kinasoma maikrosimensi 1,400. Nyanya huvumilia hadi 1,700 bila mavuno kushuka, lakini kila akimwagilia maji yanatuama, na udongo ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu. Amekosea wapi?

Kipimo hakijadanganya. Kinajumlisha chumvi zote tu, hakisemi ni zipi. Bonde la Bahi halina njia ya kutokea baharini. Maji yanayoletwa na Mto Bubu hukaushwa na jua, chumvi zikabaki. Kwa dalili hizo, mshukiwa ni sodiamu, na bikaboneti (ile iliyomo kwenye magadi) ndiyo msaidizi wake. Sodiamu hutawanya chembe za mfinyanzi, vinyweleo vya udongo vikaziba. Bikaboneti hugandisha kalsiamu kuwa chokaa, ikaiachia sodiamu uwanja.

Kwa hiyo maabara waombe vitu vinne kwa majina: sodiamu, kalsiamu, magnesiamu na bikaboneti. Ukisema "nipimieni maji" utapewa majibu ya maji ya kunywa, na pesa yako imeenda.

Kwanza vuta maji yaliyolala kisimani mpaka kipimo kisome namba ileile mara tatu mfululizo. Suuza chupa ya plastiki ya lita 1 mara tatu kwa maji hayohayo, kisha ijaze mpaka mdomoni, maana hewa ikibaki ndani bikaboneti hubadilika. Iweke kwenye barafu, ifike maabara siku hiyohiyo. Chota Oktoba au Novemba, kiangazi kikiwa kimekomaa. Sampuli ya Aprili imezimuliwa na mvua na itakupa matumaini ya uongo.

Tuseme majibu kwa lita ni sodiamu miligramu 230, kalsiamu 40, magnesiamu 24.4, bikaboneti 427. Gawanya kwa 23, 20, 12.2 na 61 mtawalia: unapata milikwivalenti (kipimo kinachowezesha kulinganisha chumvi tofauti) 10, 2, 2 na 7. Bikaboneti 7 toa kalsiamu na magnesiamu 4, inabaki 3. Ikizidi 2.5, maji hayo hayafai kumwagilia yakiwa hivyohivyo. Chini ya 1.25 ni salama.

Dawa ni jasi (gypsum), madini yenye kalsiamu, kama ile inayochimbwa Makanya, Same. Gramu 86 za jasi safi katika lita 1,000 huongeza milikwivalenti 1 ya kalsiamu kwa lita, hivyo kushuka kutoka 3 hadi 1.25 kunataka gramu 150. Iwe unga laini, koroga tangu jana yake. Mabonge huzama tu chini ya tangi. Chokaa ya kupakia nyumba isichukue nafasi yake, nasisitiza: inazidisha alkali kwenye udongo ambao tayari una alkali nyingi. Anayemwagilia kwa matone asiweke jasi tangini, la sivyo atakuwa akizibua matundu ya mipira kila wiki. Ainyunyize shambani na kuichanganya na udongo.

Lakini jasi huing'oa sodiamu tu, haiiondoi. Lazima ipate pa kuteremkia. Chimba shimo la mita 1.5 kabla ya kununua mfuko wa kwanza: ukikuta maji, anza na mfereji wa kutolea.