Muulize Mama Funguo: Dirisha Linaelekea Wapi?

SWALI: Mama Funguo, salaam aleikum. Mimi ni dereva wa lori, kwetu Arua. Mwezi wa nane tunatimiza miaka 25 ya ndoa, na nimeweka akiba nimlaze mke wangu siku mbili kwenye hoteli kubwa ya Kampala, kile chumba chenye sebule yake, juu kabisa. Miaka yote Kampala naipita kwa Northern Bypass nikiwa na mzigo, sijawahi kuiona kutoka juu. Nimepigia hoteli mbili simu. Moja wanasema chumba kina "mandhari ya mji", nyingine "mandhari ya bustani", na bei zimeachana sana. Nichukue ipi? Halafu tusije tukachekwa mlangoni. Baba wa Watano, Arua.

JIBU: Waaleikum salaam, Baba wa Watano, na hongera kwa miaka 25.

Ngoja nianze na dhambi yangu. Nilisafisha vyumba vya hoteli miaka 17 kabla sijakaa kwenye kiti hiki. Pale kwetu, vyumba vizuri vikijaa na bado kuna mgeni aliyelipia "mandhari ya mji", tuliambiwa tufunge mapazia mazito, tuwashe taa zote, tupange maua mezani. Mgeni anaingia, anasifia kitanda, anatia sahihi. Asubuhi akivuta pazia anakutana na jenereta na migongo ya viyoyozi. Akishuka mapokezi kulalamika anajibiwa kwa upole kwamba jenereta nalo liko mjini.

Kwa hiyo neno "mji" lisikutoshe. Piga simu tena, uulize hivi: dirisha la sebule linaelekea wapi, na la chumbani linaelekea wapi? Swiiti, yaani vyumba vyenye sebule kama hicho chako, nyingi zina pande mbili, na mara nyingi upande mzuri wameupa sebule. Anayejibu akibabaika, mwombe akuunganishe na wasimamizi wa vyumba. Hao kila dirisha wanalijua kwa kitambaa.

Hoteli ikiwa Nakasero, na nyingi za namna hiyo ziko huko, mimi ningechukua magharibi. Utaona mnara wa msikiti wa Old Kampala, nyuma yake kuba la kanisa la Namirembe, kisha minara miwili ya kanisa la Rubaga, na jua linazama huko huko, karibu saa moja jioni. Ila uwe umeshakaa kwenye kiti. Sisi tuko kando ya ikweta, jua halizungukizunguki: ukienda kuoga, ukirudi ni giza. Ubaya wa upande huo ni joto la alasiri, basi fungeni pazia kuanzia saa nane. Kusini utapata majumba ya Kampala Road, msikiti wa Kibuli kileleni, Muyenga, na mvua ikishaosha vumbi, kipande cha Ziwa Viktoria kinachong'aa kama bati jipya. Mashariki ni Kololo na uwanja wa gofu, kijani kitupu. Pazuri kwa anayependa kuamka mapema, na dereva akiwa likizo sidhani kama ni wewe.

Ghorofa ya juu kabisa usiing'ang'anie. Nakasero chenyewe ni kilima, na ghorofa ya sita inayotazama bondeni inaishinda ya kumi na mbili inayotazama ukuta wa jirani. Uliza pia kama vioo vimesafishwa kwa nje. Ndani tunafuta sisi, lakini nje ni kazi ya vijana wa kamba, na hao hawaji kila wiki. Karoli, wale korongo wakubwa wa Kampala, hawawasubiri. Karoli mmoja akitua juu ya paa lako, kuna mstari mweupe utakaoutazama siku zote mbili.

Na usiku, baba, zima taa. Zote, hata ya bafuni. Wageni wengi nimewakuta wamesimama dirishani wanajitazama wenyewe, kwa sababu taa ya ndani inageuza kioo kuwa kioo cha kujirembea. Ukizima, subiri kama dakika mbili macho yazoee. Vilima vitaanza kutokea kimoja kimoja, na taa za boda zinapanda na kushuka kama siafu wenye tochi. Umeme ukikatika upande fulani utaona kilima kizima kinafutika. Mke wako atakushika mkono hapo.

Upande wa pesa, bei wanazitaja kwa dola, na mara nyingi bila kodi. VAT ni asilimia 18, kwa hiyo swiiti ya dola 300 inakuwa 354 kabla hujanywa chai. Uliza kama kifungua kinywa kimo. Watataka pia amana. Ukiweka taslimu, dai risiti na uitunze. Friji dogo liacheni lilivyo.

Kuchekwa je? Getini watapitisha kioo chenye mpini chini ya gari lenu na kukagua mabegi. Wanawafanyia hivyo hata mawaziri. Chukueni teksi ya kukodi, maana boda nyingi huishia getini na mtapanda kilima na mizigo. Ndaga muntu, yaani kitambulisho cha taifa, iwe mkononi. Mengine hayakuhusu, wewe ni mteja.

SWALI: Mama, mimi ni mwanafunzi Makerere. Hiyo swiiti sina uwezo nayo, lakini na mimi nataka kuuona mji kutoka juu. Msomaji, Wandegeya.

JIBU: Nenda Old Kampala, kwenye msikiti mkubwa ulioitwa kwa jina la Gaddafi. Lipa kiingilio, panda mnara. Ngazi ni kama 300, zinazunguka, na magoti yatalalamika. Ukifika juu unauona mji pande zote nne, jambo ambalo hakuna swiiti itakayokupa. Kama ni msichana, watakuazima vazi la kujistiri mlangoni.

SWALI: Tulilala hotelini na kumwachia msafishaji noti mezani. Tulipotoka kwenda kula na kurudi, chumba kimesafishwa na noti iko pale pale. Tulimkosea? Mama Asha, Bombo.

JIBU: Hamkumkosea, mlimtia hofu. Pesa iliyoachwa bila neno ni mali ya mgeni. Akiigusa wakati bado mnalala hapo, ni mwizi. Mkishaondoka, inaandikwa daftarini kama kitu kilichosahauliwa. Niliwahi kuiandika elfu ishirini ambayo nilijua kabisa ni yangu. Chukua karatasi ya hoteli, andika "Hii ni ya anayesafisha chumba", iweke na noti juu ya mto.