Jibu: Usimpime kinda kwa mechi mbili za Desemba

Ndugu yangu, nimekuelewa: kinda aliyesajiliwa na timu yako amefunga mabao matatu kwenye mashindano ya dunia ya hoki ya barafu ya vijana chini ya miaka 20, na sasa unataka kununua kadi zake (zile za picha za wachezaji ambazo watu hukusanya na kuuziana) kwa pesa nzito. Subiri kwanza.

Angalia amemfunga nani. Timu ni 10 tu, na kati ya Kanada na timu inayopigania isishuke daraja pana pengo kubwa mno. Halafu umri: kijana wa miaka 19 kutamba ni kawaida. Connor Bedard wa Kanada alikuwa na miaka 17 alipopata pointi 23 (mabao na pasi za mabao) kwa mechi 7 mwaka 2023; huyo ni habari nyingine.

Mimi mabao huyaweka kando. Je, anageuza shingo kuangalia nyuma kabla hajapokea pasi? Akipokonywa, anarudi kukaba au anabaki kumlalamikia refa?

Makipa ndio usiwaguse kabisa. Mwaka 2006 Justin Pogge aliidakia Kanada ikatwaa dhahabu, Tuukka Rask wa Finland akatajwa kipa bora. Wote walikuwa mali ya klabu ya Toronto ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini. Ikamwachia Rask aende Boston, na 2014 akabeba tuzo ya kipa bora wa NHL. Pogge? Mechi 7 tu kwenye ligi hiyo.

Ukishindwa kujizuia, nunua kadi moja ya bei ndogo. Na kama pesa yenyewe ni ya kodi ya nyumba, au umeshaanza kubeti, zungumza na mshauri wa masuala ya kamari kabla ya nusu fainali.