Kabla hujapeleka picha zako kwenye onyesho la pamoja

Mara ya kwanza kushiriki onyesho la pamoja hapa Lubumbashi, nilipeleka picha kumi na moja za kuchora. Tulikuwa wasanii saba, chumba kimoja, na ukuta mmoja ulikuwa umeliwa na mlango na madirisha. Picha zangu sita zilirudi kwangu, mtaa wa Kamalondo, bila kutundikwa. Tano zilizobaki, ndogondogo, za kijivu na kijani cha malakiti, lile jiwe la shaba, zilipangwa ubavuni mwa mchoro mwekundu wa turubai wa karibu mita tatu. Zikamezwa. Nilisimama pale jioni nzima nikiona macho ya watu yakienda kwenye ule wekundu, kisha yakielekea mlangoni.

Vijana wanaponiuliza waanzie wapi, nawaambia waanzie kwa jirani. Ukishakubaliwa, uliza nani atakuwa karibu nawe ukutani, umtembelee anakofanyia kazi kabla hujachagua chochote. Fika pia galeri upime ukuta wako kwa mita, mkononi, usitegemee kuambiwa.

Mji wetu unalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya uchoraji iliyoitwa Le Hangar. Mchoraji wake mmoja, Bela, alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijenga watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyobanana. Pilipili Mulongoy alikuwa na ndege na samaki wake. Ziweke kazi zao pamoja, na hata mtoto atakuonyesha ipi ni ya nani. Mkono wa mmoja unafanya mkono wa mwingine uonekane. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sababu ya kufanya onyesho la pamoja. Vinginevyo kila mtu angebaki kwake.

Kwa hiyo mara ya pili nilikwenda mtaa wa Katuba, kwa dada mmoja anayeshona magunia ya unga kwa nyaya za shaba. Tulitandaza kazi zetu kwenye saruji ya ua wake asubuhi, jua likiwa bado la upande. Nilikuwa na picha niliyoipenda sana, ya soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, yenye rangi nyingi. Akaitazama, akatikisa kichwa. “Mdogo wangu, hii irudishe nyumbani. Lete ile ya mlima.” Alimaanisha ule mlima mweusi wa masalia ya shaba wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na bomba lake refu. Tulipousogeza karibu na gunia lake, weusi wangu ukapata kina ambacho sikuwahi kukiona, na nyaya zake zikawaka. Nilipeleka picha tatu tu.

Sasa karatasi. Sehemu moja nilirudishiwa picha imechanika pembeni, nikaambiwa niliileta hivyo. Sikuwa na ushahidi wowote. Iliniuma, na bado inaniuma. Andika orodha: jina la kazi, vipimo, vifaa, bei, hali yake siku unapoikabidhi. Piga picha kwa simu, mbele na nyuma, na mtie sahihi wote wawili. Mkubaliane nani analipa usafiri, galeri inachukua sehemu gani (nyingi huchukua kati ya asilimia 30 na 50), na utalipwa siku ngapi baada ya mauzo. Bei iwe ileile galeri na nyumbani kwako. Mteja akigundua umemuuzia mwenzake kwa nusu bei uani, umempoteza yeye na galeri pia.

Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, rangi ya mafuta hukauka polepole. Ukilazimika kuviringisha turubai, hakikisha limekauka kabisa, liviringishe upande wa rangi ukiwa nje, kuzunguka bomba pana.

Na usiishie siku ya ufunguzi. Jioni ile watu wanasalimiana, wanapiga picha, wanaondoka. Rudi siku za kawaida, ukae. Alhamisi moja aliingia mzee mwenye buti za kazi, akasimama mbele ya mlima wangu muda mrefu. “Papa yangu alitumika pale,” akasema. Kisha akanyoosha kidole kwenye gunia la shaba, akauliza kama hizo mbili zinauzwa pamoja. Nikampigia yule dada wa Katuba simu palepale.